Sheria na Heshima ya Mtu Kazini

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanafunzi wa vidato vya juu. Walimu wenzangu na wazazi pia nawaomba walisome, kwa maana kuna sehemu inayowahusu.

Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu wakimaliza kidato cha nne huingia kazini moja kwa moja. Wengine hupata kazi katika maghala ya kakao na mashine za kukoboa mpunga, wengine katika maduka ya Kyela mjini, wengine katika nyumba za wageni kule Kasumulu mpakani, na wengine husafiri mbali zaidi, Mbeya na Dar es Salaam. Kijana anapoaga, mzazi humwuliza maswali mawili: mshahara ni kiasi gani, na utalala wapi. Swali la tatu, yaani utatendewaje, haliulizwi mpaka siku kijana anaporudi nyumbani bila kazi wala maneno. Swali hilo la tatu ndilo somo letu la muhula huu.

Uonevu kazini ni nini?

Kwanza tutofautishe uonevu na ukali wa kazi. Msimamizi akikuambia umechelewa na kwamba ukichelewa tena atakuandikia onyo, huyo hakuonei. Anatimiza wajibu wake, nawe timiza wako. Kukosolewa kwa kosa la kweli, kwa maneno ya staha, ni sehemu ya kujifunza kazi.

Uonevu ni jambo jingine. Ni kumtukana mtu mbele ya wateja, kumpa jina la dhihaka likawa ndilo jina lake, kumnyima kazi ili aonekane mvivu, au kumpa kazi isiyowezekana ili aonekane mjinga. Ni kuwakataza wenzake wasiseme naye, na kumtisha kila jioni kwamba kesho atafukuzwa. Mara nyingi hakuna jeraha la kuonyesha. Ndiyo maana watu husema, "Hayo ni maneno tu, vumilia."

Lakini maneno hayo huumiza. Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Heinz Leymann, aliyefanya kazi yake Uswidi, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Yeye alihesabu kuwa ni uonevu pale tendo la namna hii linapompata mtu walau mara moja kwa juma, kwa muda usiopungua miezi 6. Mtu aliye katika hali hiyo hukosa usingizi, huumwa kichwa na tumbo, hujitenga na watu, hukosea hata kazi aliyokuwa akiiweza, na mwisho huamini mwenyewe kwamba kweli hafai. Tazameni mzunguko huo: anaonewa kwa kuwa anakosea, na anakosea kwa kuwa anaonewa.

Zamani mtu aliweza kuondoka

Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na neno ukwangala, maana yake kukaa vema na wenzako, kula na kuzungumza pamoja, na kusaidiana kwa adabu. Kila mtu alitazamiwa kuishi hivyo, malafyale naye asibaki nje. Malafyale aliyewaonea watu wake alijua kwamba wanaweza kuhama na kwenda kukaa kwa malafyale mwingine. Utawala bila watu si utawala. Basi dawa ya uonevu ilikuwa miguu ya mwonewa.

Kazi ya mshahara ilipokuja na wakoloni, dawa hiyo iliondolewa. Wakati wa Wajerumani kiboko kilikuwa halali. Amri yao ya mwaka 1896 haikukikataza, iliweka tu mpaka wa viboko 25 kwa mara moja, navyo watu wakaviita hamsa ishirini. Waingereza walipotawala Tanganyika walitunga mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi wa Kiafrika. Chini ya sheria hiyo mtumishi aliyeacha kazi kabla ya kutimiza mkataba wake hakuhesabiwa kuwa amevunja makubaliano tu, bali alikuwa mkosaji wa jinai, na aliweza kutozwa faini au kufungwa gerezani. Wanaume wengi wa kwetu waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, wilaya ya Chunya, katika miaka ya 1930, walifanya kazi chini ya sheria ya namna hiyo. Nyumbani malafyale mkali aliweza kukimbiwa. Kazini bwana mkali alikuwa na sheria ya kumrudisha aliyekimbia.

Kumbukeni jambo hili la kuondoka, kwani tutalirudia.

Heshima inaanza kuingia katika sheria

Sheria ya mwaka 1923 iliondolewa na Sheria ya Ajira iliyotungwa mwaka 1955. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ikaja sheria ya usalama wa kazi. Hiyo ilipunguza uwezo wa mwajiri wa kumfukuza mtu papo hapo, ikaanzisha kamati za wafanyakazi, na ikaweka orodha ya makosa na adhabu zake. Lakini orodha ile ilikuwa ya makosa ya mfanyakazi. Makosa ya msimamizi hayakuorodheshwa.

Mwezi wa Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Mwongozo haukuwa sheria ya bunge, lakini wafanyakazi waliusoma na kuushika. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma, na wengine waliwafungia mameneja wao nje ya lango. Wanahistoria wamelipa uzito jambo moja: mara nyingi lalamiko lao kubwa halikuwa mshahara, lilikuwa matusi na kudharauliwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi wakakishika kiwanda chenyewe. Serikali haikuuruhusu mwendo huo uendelee, na wafanyakazi wengi walipoteza kazi. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mtu aweza kulipwa na bado akawa ameonewa.

Mwaka 1984 haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu ya 1977. Ibara ya 12 inatambua utu wa kila mtu na heshima anayostahili, na ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kwa namna ya kumtweza. Maneno hayo ni msingi mzuri. Lakini msingi si nyumba, na mtu anayetukanwa leo ghalani anahitaji mlango wa kubisha.

Sheria ya mwaka 2004 na tundu lake

Mlango huo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Someni sehemu hii polepole, kwa maana ndiyo kiini cha somo. Namba za vifungu ninazozitaja ni kama zilivyokuwa sheria ilipotungwa.

Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, nacho kinasema kwamba kumnyanyasa mfanyakazi ni namna mojawapo ya ubaguzi. Hapo sheria imesema vizuri. Lakini haikusema unyanyasaji wowote. Imesema unyanyasaji unaotokana na mambo yaliyoorodheshwa, kama vile rangi, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na hali ya maisha. Sasa tuone maana yake kwa mifano mitatu ya kutunga.

Mfano wa kwanza. Binti anauza dukani. Alipopata mimba, mwenye duka akaanza kumkejeli kila siku mbele ya wateja na kumwambia kwamba duka si wodi ya wazazi. Huyu analindwa na kifungu cha 7, kwa sababu ujauzito umo katika orodha. Tena akitoa ushahidi wa kwanza unaoonyesha kwamba jambo hilo lilitendeka, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Mfano wa pili. Msimamizi anamwambia mfanyakazi wa kike kwamba hatapandishwa cheo asipokubali kulala naye. Hapa sheria ni kali zaidi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kosa la udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inakifanya kitendo hicho kuwa rushwa. Huyu anaweza kwenda polisi au TAKUKURU.

Mfano wa tatu. Kijana anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Msimamizi hampendi, basi. Hakuna kabila wala dini ndani yake, kwani wote wawili ni watu wa kata moja na wanasali kanisa moja. Kila siku anamwita mpumbavu, anamwamuru arudie kufagia palipo safi, anawacheka wanaoketi naye. Je, kijana huyu amo katika orodha ya kifungu cha 7? Hayumo. Msimamizi akimpiga, ni kosa la jinai kwa kila mtu. Akimtukana kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake, cha 89. Lakini kumtesa mtu kidogo kidogo, kwa kebehi na dharau, bila kumgusa, ndipo tundu lilipo.

Msidhani kwamba kijana huyu ameachwa kabisa. Kifungu cha 36 kinasema kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi mwenyewe kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi na mwajiri. Basi anaweza kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, na akishinda hupata nafuu za kisheria kama vile fidia au kurudishwa kazini.

Sasa lile jambo la kuondoka limerudi. Mwaka 1923 kuondoka kulikuwa jinai. Mwaka 2004 kuondoka kwa mtu aliyeonewa kumekuwa msingi wa kudai haki. Ni safari ndefu. Hata hivyo haki hiyo ina masharti matatu ambayo vijana wengi hawayajui, na kwa kutoyajua huipoteza.

Sharti la kwanza ni muda wa kazi. Kifungu cha 35 kinasema kwamba ulinzi huu haumhusu mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6.

Sharti la pili ni kulalamika kwanza. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, kanuni ya 7, zinamtaka mtu aliyetendewa isivyo haki awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini kabla ya kuondoka, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Mwenye kuondoka kimya atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini alinyamaza.

Sharti la tatu ni siku. Kanuni za mwaka 2007 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ziliweka siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Kijana anayerudi nyumbani na kukaa miezi 3 akipumzisha moyo ataikuta siku yake imepita, na itabidi aombe kwanza kusamehewa ucheleweshaji.

Wengine wamelizibaje tundu hili?

Yafaa tutazame nchi nyingine kidogo. Mwaka 1993 Uswidi ilitoa kanuni maalumu juu ya uonevu kazini, ikaweka juu ya mwajiri wajibu wa kuuzuia kabla haujatokea, kama vile anavyowajibika kuweka kinga kwenye mashine inayokata vidole. Ufaransa iliuweka uonevu wa nafsi katika sheria zake mwaka 2002, na hapo mtu hahitaji kuonyesha kwamba alionewa kwa ajili ya rangi au dini. Mwezi wa Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya simu ya France Télécom pamoja na wakuu wake wa zamani. Kampuni ilitaka wafanyakazi 22,000 waondoke, na wakuu wakawafanyia watu maisha magumu ili waondoke wenyewe. Wafanyakazi kadhaa walijiua. Mwezi wa Januari 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikubaliana na hukumu.

Tarehe 21 Juni 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, nao ulianza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Mkataba huo unahesabu madhara ya nafsi sawa na ya mwili. Unasema tendo moja laweza kutosha, si lazima lirudiwe. Unawalinda pia wanaojifunza kazi, wanaojitolea na wanaotafuta kazi. Mkataba wa namna hii hauifungi nchi mpaka nchi yenyewe iuridhie. Ulipoanza kutumika mwaka 2021, Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizouridhia. Majirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023.

Tofauti ni hii. Sheria yetu ya mwaka 2004 inampa mwonewa wa mfano wa tatu haki baada ya kuondoka. Mkataba huu unataka mwonevu azuiwe ili mwonewa asilazimike kuondoka. Kwa nchi ambayo kazi ya mshahara ni adimu, tofauti hiyo si ndogo.

Hatua za kufuata

Sasa niwape hatua ambazo kijana yeyote anaweza kuzifuata, hata kama hana wakili.

1. Unapoanza kazi, omba maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Kifungu cha 15 cha sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe. Ukipelekwa kufanya kazi nje ya nchi, mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi.

2. Weka daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe yaliyosemwa, na waliokuwapo. Usiandike "alinitukana", andika alisema nini. Kama matusi yamekuja kwa simu, usiufute ujumbe.

3. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, jiunge. CHODAWU ni cha hoteli na kazi za nyumbani, TPAWU cha mashamba, TUGHE cha serikali na afya, TUICO cha viwanda na biashara.

4. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa mkubwa wa yule anayekuonea, kwa lugha ya adabu, nawe ubaki na nakala. Kama anayekuonea ndiye mwenye mali, mwandikie yeye mwenyewe.

5. Ukianza kukosa usingizi au kuumwa, nenda hospitali na umweleze daktari sababu. Cheti chake ni ushahidi, na matibabu yake ni haki yako.

6. Usitoroke. Kanuni za 2007 zinahesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kuwa kosa kubwa. Ukitoroka, mwonevu atakuwa mshitaki na wewe mshitakiwa.

7. Ukiona huwezi kuendelea, andika barua ya kuacha kazi na utaje ndani yake sababu yenyewe. Kisha hesabu siku, uende kwenye ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkoani. Huko mtasuluhishwa kwanza. Mkishindwana mgogoro unaendelea kwa uamuzi, na baada ya hapo kuna Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

8. Mtumishi wa serikali, kama vile nesi au mwalimu, ana njia yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 hutakiwa kwanza kumaliza njia zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma.

Neno kwa wazazi na kwa viranja

Wazazi, wengi wetu ni waajiri bila kujiita hivyo. Binti anayetupikia na kutulelea watoto ni mfanyakazi. Sheria ya 2004 iliwaacha nje askari wa jeshi, wa polisi, wa magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mfanyakazi wa nyumbani haikumwacha nje. Mtoto asiyefika miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Anayetengewa sahani yake, akaitwa kwa mluzi na kutukanwa mbele ya wageni, anaonewa kazini, na kazini kwake ni nyumbani kwetu. Watoto wetu wanatazama, na wao ndio wasimamizi wa kesho.

Nanyi viranja na wanafunzi wa vidato vya juu, mnapompokea mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza mnaanza kujifunza jinsi ya kutumia madaraka. Anayemzoea mdogo wake kuwa mtu wa kuchekwa na kutumwa maji usiku ataipeleka tabia hiyo ofisini, na huko ataikuta sheria.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya msimamizi mkali na msimamizi mwonevu. Toa mfano mmoja wa kila mmoja.
2. Kwa nini kijana wa mfano wa tatu halindwi na kifungu cha 7? Analindwa na kifungu gani, na kwa masharti yapi?
3. Kuacha kazi kulitazamwaje na sheria ya 1923, na kunatazamwaje na sheria ya 2004?
4. Andika barua ya malalamiko ya mistari 10 kwa niaba ya kijana huyo. Taja tarehe na maneno, wala usitukane.
5. Kwa mjadala wa darasa: je, kifungu cha 7 kingeandikwaje upya ili kumlinda kila mfanyakazi, bila kumzuia msimamizi kukosoa kazi mbaya?

Majibu ya swali la 4 na la 5 nileteeni mwanzoni mwa muhula ujao. Yaliyo mazuri nitamwomba mhariri ayachape katika toleo litakalofuata.